Siku Wakwe Walipoteleza Mbele ya Mashine Yangu

Nitasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana Bagamoyo habari haikai, na hii imeshafika mpaka Msata kwenye vibanda vya chipsi (mpwa wangu aliisikia huko, akacheka na wenzake, halafu katikati ya kicheko akagundua anayechekwa ni mjomba wake). Ni kweli. Mimi Shomari wa Mlingotini, mtu mzima mwenye wajukuu, niliwaangusha wakwe zangu sakafuni, kazini kwangu, wakiwa na kanzu zao nyeupe, siku waliyokuja kunitazama kama nafaa. Na hawakuanguka mara moja tu. Aibu yangu nitaieleza yote, sibakizi, ila nanyi mnivumilie niisifu mashine kidogo, kwa sababu bila mashine mkasa huu hauna kichwa wala miguu.

Shule mimi nilikaa kidogo nikatoka. Mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na mbio. Nikalima muhogo, nikachoma chokaa, nikalinda majumba ya watu, mpaka walipojenga kile kituo cha majitaka njia ya Msata, yale magari ya kunyonya vyoo yakawa yanapeleka mzigo wao pale badala ya kwenda kuumwaga wanakokujua wenyewe. Niliingia kama mlinzi. Ilipoletwa mashine ya kukamua tope, nikawa nikimaliza zamu siendi nyumbani, nakaa naiangalia, mpaka mkuu wetu, Injinia Neema (binti mdogo, rika la kitinda mimba wangu, lakini kazi anaijua na porojo hazipendi), akaniambia, "Mzee Shomari, kwa kuwa huondoki, njoo nikufundishe." Akanifundisha. Leo naiwasha mimi, naizima mimi, na ikikohoa naisikia nikiwa getini.

Inakwenda hivi. Gari likishamwaga, ule uji unapita kwenye chujio la kuzuia matambara na chupa (msiniulize watu wanatupa nini vyooni, hamtalala), unaingia kwenye tangi kubwa ambalo kitako chake ni chembamba kama faneli, unatulia humo, kizito kinashuka chini na maji yanabaki juu yanakwenda zake mabwawani. Kile kizito tunakivuta, tunakitia unga wa kugandisha uliokorogwa, na papo kinajikusanya madonge madonge kama maziwa yaliyoingiwa na ndimu. Hapo ndipo kinaingia kwenye mashine yenyewe, bomba la chuma lenye matundu madogo, na ndani yake mna parafujo nene kama paja la mtu, inazunguka polepole, inasukuma, inabana, maji yanachuruzika pembeni, na kule mwisho, mdomoni, linadondoka tope kavu ndani ya toroli. Sisi watu wa pwani hatuhitaji maelezo zaidi ya hayo. Ni kifumbu. Kama mama yako alivyotia nazi kwenye kifumbu akakisokota, tui likaenda huku na chicha ikabaki huku, basi ndiyo hiyo hiyo, ila hiki kifumbu ni cha chuma na hakichoki mikono. (Mke wangu hapendi nitoe mfano huu wakati wa kula.)

Sasa Zuhura. Zuhura ni binti yangu, fundi cherehani, mtulivu, na alikuwa ameleta habari ya kijana anayeitwa Idrisa, wa ukoo wa Mji Mkongwe, wale wenye milango ya nakshi. Baba yake Idrisa alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa mjomba wake, Mzee Twaha, mwenye kinu cha mafuta ya nazi, mtu wa marashi na kofia iliyonyooka. Posa ililetwa na mshenga, Maalim Kombo, mtu mnene mwenye heshima zake, tukaipokea vizuri. Kumbe Mzee Twaha moyoni bado. Siku moja akasema barazani, mbele ya watu wanaokunywa kahawa, "Idrisa akaoe kwa mzee wa vyoo? Hiyo pilau ya harusi tutaila pua tumeziweka wapi?" Jabu muuza kahawa akaliokota neno lile, akalileta mpaka mlangoni kwangu, na lilikuwa moto kuliko kahawa yake.

Mke wangu akasema, "Nyamaza, baba Zuhura. Maneno ya baraza hufia barazani."

Labda hufa. Lakini chumbani cherehani ilikuwa imenyamaza, na cherehani ya Zuhura hainyamazi hata umeme ukikatika, ni ya miguu.

Basi nikampa Maalim Kombo ujumbe ampelekee Mzee Twaha: kabla hajasema ndiyo wala hapana, aje aone ninapofanya kazi, kwa macho yake na kwa pua yake. Akiona ni pachafu, arudi na posa yake na mimi sitamnung'unikia mtu. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika huwa hapimi maneno. Mke wangu aliposikia akakaa kwenye kigoda.

"Mkwe hupokewa kwa halua na kahawa," akasema. "Wewe unampokea kwa mavi."

"Halua kila mtu anayo," nikamwambia. "Mashine ninayo mimi."

Zuhura alitokeza kichwa mlangoni, akanitazama, akasema, "Baba, tafadhali," basi, neno moja tu, akarudi ndani. Nalikumbuka neno lile kila siku.

Siku ilipofika nikadamka, nikavaa shati la pasi, nikafika kazini nikasugua kila kilichosuguliwa. Toroli nililisugua mpaka likang'aa, na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana unga wa kugandisha ulikuwa stoo na kawaida naubeba kwa toroli, sasa nikaona nisilichafue toroli la wageni, nikautupia mfuko begani kama kiroba cha muhogo. Mfuko ulikuwa na tundu. Nikatembea nao kutoka stoo, nikapita mlangoni, nikapita sakafuni kote mpaka kwenye mashine, najiimbia, na nyuma yangu unga unaniandama kama mtu anayepanda ufuta.

Nikauona, nikaufagia kwa ufagio wa chelewa. Mwingi ukatoka, mwingine ukajificha kwenye nyufa za sakafu, ukabaki weupe weupe kama vumbi. Sasa, Injinia Neema alishatuambia, akatuambia tena, na akaandika ukutani kwa herufi kubwa ambazo hata mimi nazisoma: unga ukimwagika ni ufagio mkavu tu, maji marufuku. Nilikuwa najua. Lakini bibi yangu aliyenilea alikuwa Mkwere wa Fukayosi, na hakuwahi hata siku moja kumkaribisha mgeni kwenye vumbi. Alinyunyiza maji kwanza, akafagia, ndipo akasema karibu. Mgeni anakuja kuamua maisha ya mwanangu, halafu akute sakafu ina vumbi? Machoni pangu lile lilikuwa tusi. Nikafungua mpira wa maji, nikanyunyiza kidogo.

Unga ule ni mnafiki. Haukujibu kitu. Sakafu ikang'aa, ikapoa, nikasimama nikaifurahia (na mwenzangu Chande, tunayefanya naye zamu, akaniambia, "Mzee, leo pamekuwa kama msikitini"), na muda huo wote unga uko kwenye nyufa unakunywa maji taratibu, unavimba, hauna haraka.

Wakaja kwa bajaji. Mzee Twaha alikuwa na kanzu nyeupe kama maziwa, mkono mmoja ameinua upindo wake usiguse chini, mkono wa pili ana leso yenye marashi ameibana puani. Tukasalimiana, hali, nyumbani, watoto, biashara, yote akayajibu ndani ya leso. Tukaingia. Walipita pale sakafuni vizuri kabisa, wala hakuna aliyeyumba.

Nikaiwasha. Hapo, jamani, sitasema uongo, nilisimama vizuri. Niliwaonyesha tangi, nikawaonyesha madonge yanavyojikusanya, nikawaonyesha maji yanavyochuruzika, na tope linavyotoka mdomoni mwa mashine vipande vipande na kudondoka kwenye toroli langu linalong'aa. Mzee Twaha leso ilikuwa puani, kisha ikawa kidevuni, kisha ikawa mfukoni. Akainama. "Hii parafujo," akauliza, "ukitaka ibane zaidi unafanyaje?" Nikamwonyesha sahani ya mdomoni, unaisogeza mbele njia inakuwa nyembamba, mzigo unabanika. Akatikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake na kuukuta umekolea. Nikasema moyoni, Zuhura mwanangu, kaoshe pishi za mchele.

"Haya, karibuni nje tunywe kahawa," nikasema.

Maalim Kombo alitangulia. Alipiga hatua, mguu ukaenda mbele, yeye akabaki nyuma, akakaa chini, kishindo chake mpaka geji za mashine zikacheza. Nikamkimbilia kumwinua, nami nikaenda. Mzee Twaha, na hapa namsifu kwa uungwana, hakucheka, alisema "Poleni" na akanyoosha mkono kutusaidia, na mkono ule ule Maalim Kombo akaudaka kwa nguvu zake zote. Mzee Twaha hakuanguka kama sisi. Yeye alisafiri. Alikaa kitako akateleza sakafu nzima, kanzu imejikunja mapajani, kofia imemwacha, mpaka alipolifikia toroli, na ili lisimgonge usoni akatanguliza mkono, na mkono ukazama kwenye tope mpaka kwenye kiwiko.

Na hapo ningenyamaza, angalau ningepunguza hasara. Lakini nilipoona ule utelezi, akili yangu ikaniambia ni uchafu, na uchafu dawa yake ni maji. Nikamwita Chande. Chande akatokea mlangoni na mpira.

"Nimwage, mzee?"

"Mwaga."

Akamwaga. Sakafu ikageuka bamia. Umewahi kuona bamia zilizochemka zikapoa? Basi sisi tulikuwa ndani ya sufuria. Maalim Kombo akijaribu kupiga magoti, magoti yanakwenda Mlingotini na mikono inakwenda Msata. Mimi nikishika nguzo, nguzo inanikataa.

"Niongeze?" Chande akauliza.

"Ukiongeza," akasema Mzee Twaha kutoka kule kwenye toroli, kwa sauti ya chini sana, "nitakulaani wewe na vizazi vyako."

Ndipo Injinia Neema alipofika, kwa kusikia kishindo. Akasimama kizingitini, hakukanyaga. Akatutazama wazee watatu tumekaa chini tumeelekea pande tatu, mmoja hana kofia, akatazama maandishi yake ukutani, akanitazama mimi. Kisha akasema, kwa adabu, "Shikamooni."

"Marahaba," tukajibu wote watatu kutoka sakafuni, maana salamu haiachwi.

"Chande, funga maji. Lete chumvi stoo, ile ya mawe. Wazee wangu, msisimame, kaeni hivyo hivyo." Na chumvi haikuwa mlangoni, ilikuwa nyuma ya madebe huko, kwa hiyo tukakaa.

Huko kukaa ndiko nisikokusahau. Mashine inazunguka polepole. Mimi nimeinamisha kichwa namfikiria mwanangu na neno lake lile moja. Nikaona nimwombe radhi Mzee Twaha, nikainua macho, nikamkuta ameutoa mkono kwenye toroli na ndani ya ngumi yake mna donge. Hakulitupa. Alikuwa analikamua. Nadhani hata yeye hakujua kama anafanya hivyo. Mtu aliyeshika chicha tangu utoto, ukimpa kitu kilichokamuliwa vidole vinakwenda vyenyewe. Akabana, akatazama chini ya ngumi kama litadondoka tone. Halikudondoka. Akahamishia mkono wa pili, akabana tena mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Mzee Shomari," akasema.

"Naam."

"Hii umeikamua."

"Inajitahidi," nikasema.

"Chicha yangu mimi ukiibana hivi, mafuta bado yanatoka. Kinu changu kinanila mali, na fundi kila siku ananiambia ndiyo basi, haiwezekani zaidi." Akalifungua donge, likamegeka. Kisha akafanya jambo nililoomba asilifanye, akalisogeza puani. Nikafumba macho. Nitawaambia kweli, linanuka, tope ni tope, lakini linanuka kama zizi la mbuzi la kiangazi, si kama walivyosema barazani. Akaliweka kwenye toroli taratibu, halikutupwa, liliwekwa.

Chumvi ikaja. Injinia akaitupa kwa viganja, anatangulia yeye anaisugua kwa ufagio, na ule utelezi ukakatika, ukawa maji matupu, ukakimbilia mferejini. Tukasimama mmoja mmoja kama watoto wanaojifunza kutembea. Akatunawisha kwa sabuni mpaka mabegani, akasema kanzu hazitoki hapa mpaka zimefuliwa, na kweli zilikuwa hazivaliki wala haziswaliki. Sasa wavae nini? Palikuwa na ovaroli. Rangi ya bluu, mgongoni zimeandikwa MAJITAKA, herufi kubwa za manjano zinazowaka zikimulikwa na taa.

Kwa hiyo Mzee Twaha, mtu wa marashi, alirudi Mji Mkongwe kwenye bajaji akiwa na ovaroli yangu, na mimi ni mfupi. Kahawa hawakunywa. Aliniaga kwa kichwa tu.

Nyumbani Zuhura alikuwa amekaa ukumbini amevaa vizuri, anangoja. Mke wangu alinitazama mara moja, nywele zimegandana, nanuka chumvi na sabuni, akasema, "Umewafanya nini watu?" Nikawaeleza. Nilidhani Zuhura atalia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ovaroli ilimfika wapi?" Nikamwonyesha, katikati ya muundi. Akaingia chumbani akafunga mlango, na mpaka leo hajaniambia kama alikuwa analia au anacheka. Bajaji haiwezi kumfikisha mtu mlangoni kwake kule Mji Mkongwe, vichochoro ni vyembamba, lazima ateremke penye baraza. Barazani watu wamejaa. Na aliyeninyanyasa barazani sasa ateremke mbele yao ameandikwa MAJITAKA mgongoni. Mtu hawezi kuposa kwenye nyumba iliyomvisha hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwomba radhi mwanangu.

Jioni akaja Jabu na birika lake. Sikumwita. Akaketi, akamimina vikombe viwili, kimoja changu kimoja chake (na Jabu si mtu wa kunywa mali yake), akasema, "Leo nimeona mambo."

"Sema."

Akasema Mzee Twaha aliteremka, akalipa, akatembea katikati ya baraza bila haraka. Baraza lote likanyamaza, kisha mmoja akashindwa, akamwambia, "Mzee Twaha, hongera, umeajiriwa lini?" Wengine wakaangua kicheko mpaka kahawa zikawatoka puani. Mzee Twaha akawangoja wamalize. Kisha akasema, "Nimetoka kwa mkwe wangu kuangalia kinu chake. Kinakamua kuliko changu, na kuliko cha mtu yeyote hapa. Sogeeni nikae." Wakasogea. Akakaa na ovaroli yake, akaagiza kahawa.

"Alisemaje?" nikamuuliza Jabu. "Kinu cha nani?"

"Cha mkwe wangu," akasema Jabu. "Nilikuwa nimeshika birika, nililisikia kwa masikio haya."

Nikamwambia alirudie kwa sauti kidogo. Akalirudia. Na chumbani, nyuma ya ule mlango uliofungwa, cherehani ikaanza.

Ndoa imepita, alhamdulillahi, na pilau waliila pua zikiwa mahali pake (nilimwangalia Mzee Twaha, aliongeza sahani). Lakini kabla ya hapo waliniletea kilemba, kama mnavyojua baba wa binti hupewa kilemba chake, na kilikuja kwenye sinia, kitambaa kizuri kimekunjwa, na chini ya kitambaa palikuwa na mfuko wa chumvi ya mawe ya Nunge umefungwa utepe mwekundu. Nikamtazama Maalim Kombo, ambaye bado alikuwa anakaa kwa upande mmoja. Akakohoa. "Mzee Twaha anasema," akasema, "kilemba ni cha kichwa, chumvi ni ya miguu."

Mfuko ule uko mlangoni pa mashine, nimeutundika mwenyewe, na sitautia maji tena ule unga ukimwagika, hata aje mgeni wa namna gani, na bibi yangu wa Fukayosi anisamehe huko aliko. Vumbi nimelikubali. Mzee Twaha huja mara kwa mara kuitazama parafujo, anasema anataka fundi amtengenezee ndogo yake ya nazi, anaingia akiwa amevaa ndala za mpira na kwanza anaugusa ule mfuko, ndipo anatoa salamu. Kilemba huwa nakiacha nyumbani siku hizo, ingawa ningependa anione nacho, kwa sababu Injinia amekataza nguo inayoning'inia karibu na mashine, na yule binti akikataza kitu siku hizi mimi sibishi.